Lile boksi la betri ya ndimu la Kariakoo, nimekaa nalo wiki mbili na nawaambia lilivyo

Kama umepita Kariakoo karibuni ukaona lile boksi la njano limeandikwa betri ya matunda, lina picha ya chungwa limechomekwa waya afu pembeni simu inaonyesha inachaji, soma kwanza kabla hujatoa hela. Mimi nimelinunua 25,000, nimelijaribu nyumbani, nimelipeleka mpaka kwa fundi, nimelirudisha dukani, na kiukweli lilinipandisha hasira, ila kuna vitu ndani yake nimevipenda kwa hiyo nitasema yote.

Nilimnunulia kijana wangu, yupo darasa la sita, ni mtoto wa kufungua fungua vitu, rimoti ya nyumbani tunaifunga na mpira kwa sababu yake. Ndani unakuta vipande vinne vya shaba, vipande vinne vyeupe vimeandikwa zinki, waya sita zenye klipu za meno, kisaa kidogo cha namba kisicho na betri, kibalbu kimoja cha tochi, na karatasi ya maelekezo ya Kiingereza na Kichina ambayo mtoto wa shule ya msingi anabaki kufuata picha. Ndimu unanunua mwenyewe na ndimu kwetu Tabata sio tatizo, kila genge lipo nazo.

Sasa siku ya kwanza ilikuwa Jumamosi. Dogo akaoga mapema, akatandika gazeti jikoni, akapanga vitu vyake. Karatasi inasema ndimu mbili saa inaonyesha, ndimu nne balbu inawaka. Akachomeka, kimya. Akageuza waya, kimya. Akabadilisha ndimu, akaenda genge kuchukua nyingine, akamaliza mpaka zile ambazo bibi yake aliweka za kupikia samaki, saa haionyeshi kitu na balbu ndio kabisa. Mimi nilikuwa na kazi zangu nikasema atapata tu. Saa nne usiku namkuta bado kakaa chini, vidole vimechubuka kwa zile klipu na ndimu inamuwasha, hata hanitazami, ananiambia, "Mama, mimi sayansi siiwezi."

Hilo ndilo lililoniuma na ndio sababu naandika. Mtoto wa miaka kumi na moja amefuata maelekezo yote sawasawa, kitu kimegoma, na yeye hana njia ya kujua kwamba kosa lipo kwenye boksi. Anajihesabia yeye. 25,000 inauma lakini hii inauma zaidi.

Jumatatu nikambeba na boksi lake tukaenda kwa fundi redio wa pale jirani na stendi, mtu mzima, amefungua redio tangu enzi za kaseti. Dogo akampa shikamoo, fundi akaitikia marahaba akasafisha meza, akasema chomeka kama ulivyochomeka nyumbani. Akachukua mita yake ya kupimia umeme, ncha moja kwenye shaba ncha nyingine kwenye kile kipande cheupe. Mita ikasoma volti 0.43. Fundi akakunja uso. Akachukua sumaku ya spika mbovu akaisogeza kwenye kile kipande, ikanasa tap! Akasema zinki hainaswi na sumaku, ila tusiwe na haraka maana chuma kilichopakwa zinki kinanasa pia. Akachukua msasa akakwangua kidogo, chini ya ule weupe hakuna kitu, chuma tupu. Afu akainama kwenye kopo lake akatoa msumari wa bati, ule wenye kofia pana wa kuezekea, akaung'oa ile raba ya chini, akauchoma kwenye ndimu ileile na shaba ileile. Mita ikaruka mpaka 0.92.

Akamgeukia kijana. "Umeona? Ulikuwa unafanya sawa. Walikupa chuma ukaambiwa zinki."

Jamani, ningekuwa na uwezo ningempiga picha yule mtoto muda ule.

Ngoja nieleze kilichokuwa kinatokea, maana fundi alimweleza dogo vizuri na mimi nikasikiliza, mimi fizikia niliiacha kidato cha pili. Umeme hautoki kwenye ndimu. Ile karatasi ina mchoro wa tunda lina radi ndani, kama vile umeme umekaa mle unasubiri kutolewa, na huo ndio uongo wa kwanza wa boksi lile. Kinachotoa nguvu ni zinki. Ule ukali wa ndimu ni asidi, na zinki ikiingia kwenye asidi inaanza kuliwa taratibu, kila inapoliwa inaacha elektroni nyuma. Shaba yenyewe hailiwi kirahisi namna hiyo. Kwa hiyo ukiunga waya kati yao elektroni zinatoka kwenye zinki zinapita kwenye waya zinakwenda kwenye shaba, na kwenye uso wa shaba zinakutana na hidrojeni ya kwenye maji ya ndimu ambayo inazichukua inageuka gesi. Ukitazama kwa makini utaona vipovu vidogo sana. Kazi ya ndimu ni kuwa njia tu kati ya hizo madini mbili, ukitoa zinki ukaweka chuma, tofauti ya nguvu ya kuachia elektroni kati yake na shaba inapungua, ndio maana tulipata kama nusu tu.

Na huyo msumari wa bati amepakwa zinki kwa sababu hiyohiyo. Sisi watu wa Dar tunajua hewa ya chumvi inavyofanya mabati, ile zinki ya juu inakubali kuliwa yenyewe kabla chuma hakijaliwa. Fundi alivyosema hivyo dogo akatazama juu kwenye paa la kibanda.

Tulivyorudi nyumbani akataka kuhakikisha kama kweli ndimu sio lazima. Akakoroga chumvi na maji kwenye kikombe cha kahawa, msumari huku shaba huku, na mita tuliyoazima kwa fundi ikasoma 0.7 na kitu. Chumvi ya jikoni! Baadaye nikasoma kwamba hata yule Muitaliano aliyetengeneza betri ya kwanza, Alessandro Volta, mwaka 1800, hakutumia tunda, alipanga sahani za zinki na fedha au shaba, katikati ya kila jozi kitambaa au karatasi ngumu iliyoloweshwa maji ya chumvi, akazirundika kama chapati. Hiyo volti tunayoitaja kila siku ni jina lake. Na alianza kwa kubishana na mwenzake Galvani, ambaye aliona mguu wa chura unaruka ukiguswa na madini mbili akasema umeme upo ndani ya chura. Volta akasema hapana, tazameni hizo madini. Yaani mabishano ya zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na boksi la Kariakoo bado lipo upande wa chura.

Uongo wa pili ni balbu. Hapa hata ungepewa zinki safi kabisa bado ungekwama. Kile kibalbu ni cha tochi za zamani, kina kiuzi ndani, pembeni kimeandikwa 2.5V 0.3A. Maana yake kinataka mkondo wa umeme wa miliampea 300. Ndimu moja yenye msumari na shaba, tulipima, haifiki hata miliampea moja. Volti unaweza kuziongeza kwa kupanga ndimu mfululizo, msumari wa hii unaungwa na shaba ya ile, nne zinakupa kama tatu na nusu na zaidi, mita inafurahisha kweli, lakini mkondo unabaki uleule mdogo na ndimu yenyewe ndani ina ukinzani mkubwa, yaani inazuia umeme kupita, ukiunga kitu cha kuwasha tu volti zinaanguka. Fundi alipiga hesabu kwenye kipande cha boksi akapata kwamba ili kibalbu kile kiwake vizuri unahitaji maelfu ya ndimu. Maelfu! Na ile simu ya kwenye picha inayochajiwa na chungwa moja, chaja ya kawaida inatoa volti 5 na ampea moja, hapo ndimu za soko zima la Buguruni sijui kama zingetosha. Aliyechora ile picha alijua anachora kitu kisichowezekana na akaiweka juu ya boksi la mtoto.

Mazuri sasa. Kisaa ni kizima na ni kizuri sana. Kinakula umeme kidogo mno, ndimu mbili zenye misumari zilitoa 1.8 na namba zikatokea palepale, 12:00 inapepesa, dogo akapiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Vipande vya shaba ni shaba kweli, vizito, vina upana wa vidole viwili na upana unasaidia maana uso mkubwa unapitisha mkondo zaidi. Waya nazo nzuri, klipu zinabana. Kwa hiyo vitu vitatu kati ya vitano vya kwenye boksi vinafaa, bahati mbaya viwili vilivyobaki ndivyo vinavyobeba kazi yote.

Badala ya balbu tukachukua LED nyekundu, zile taa ndogo zenye miguu miwili, Kariakoo kwa wauza spea unapata kwa bei ya karanga. Chukua nyekundu, usichukue nyeupe. Nyekundu inaanza kuwaka kwenye volti 1.8 hivi, nyeupe na ya bluu zinataka karibu 3 na sisi nyeupe ilikuwa kama haipo. Mguu mrefu unaelekea upande wa shaba, mfupi upande wa msumari, ukigeuza haiwaki na haitaungua, unageuza tena tu. Misumari ya bati tulinunua kwa kupimiwa hadwea ya mtaani, ukifika angalia iwe na ule weupe wa kijivu, ikiwa imeshaanza kutu iache. Kama huna vipande vya shaba mwombe fundi umeme mabaki ya waya wa nyumba, ule mnene, unamenya plastiki unaukunja mara tatu nne.

Tulikosea mambo mawili na nyie msikosee. Ndimu zetu za kwanza zilikuwa zimekaa, ngumu, kavu, zilitoa volti sawasawa lakini LED ikawa haionekani. Bibi ndiye aliyetatua, akachukua ndimu akaiweka mezani akaisukuma na kiganja huku anaikandamiza, vile anavyofanya siku zote kabla ya kukamua, mpaka ikalegea ndani, akasema sasa chomeni. Ikawa tofauti kabisa maana ndani vile vifuko vimepasuka na maji yanapita. Kosa la pili, kijana aliingiza msumari kwa mshazari ukagusana na shaba ndani ya ndimu, mita ikaenda sifuri, tukahangaika nusu saa tunatafuta waya uliokatika kumbe tatizo lipo ndani ya tunda hatulioni. Viwe karibu ila visigusane.

Usiku tukaweka ndimu tano mfululizo, tukazima taa ya jikoni na tukafunga pazia. Mwanzoni nikadhani hakuna kitu. Afu macho yakazoea giza na nikaiona, kidoti chekundu, kama ncha ya dawa ya mbu ile ya kuchoma inavyowaka usiku wa manane. Ndogo hivyo. Hakuna aliyesema kitu. Dogo akachomoa klipu moja, ikazimika, akairudisha, ikawaka, akafanya hivyo kama mara kumi kuhakikisha ni yeye anayeiwasha.

Tangu hapo hatulali. Alijaribu machungwa, embe bichi, nyanya, ukwaju uliolowekwa, vyote vilitoa volti zinazokaribiana na ndimu, na hilo lilimshangaza mpaka akakumbuka mwenyewe kwamba madini ni zilezile. Kilichonishangaza mimi ni viazi mviringo. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem wa mwaka 2010 ulioonyesha kiazi kikichemshwa kama dakika nane kinatoa nguvu mpaka mara kumi ya kibichi. Tukachemsha, tukaacha vipoe, tukakata vipande vinene. Volti hazikupanda, mita ilisoma vilevile, ila LED iliwaka hadi nikaiona bila kuzima taa. Ukinzani ndio umepungua. Na njia ya bei rahisi kuliko zote ni trei ya barafu, unakamua ndimu tatu nne, unagawa maji kwenye vyumba, kila chumba msumari na shaba, angalia maji yasifurike kutoka chumba kimoja kwenda kingine, basi una betri ya vyumba sita na hujamaliza genge.

Jambo la muhimu sana kwa wenye watoto na ambalo kwenye karatasi halipo kabisa, hizo ndimu na viazi mkimaliza MSILE. Zinki na shaba zimeyeyukia mle. Mimi nilimkuta bibi anachukua ndimu zilizotobolewa azikamulie kwenye changu, kwake ni ndimu nzima tu yenye matundu mawili, nikamnyang'anya mkononi huku naomba radhi. Tumeweka kopo maalumu la kuzitupa. Na msiruhusu mtoto kupasua betri kuukuu za tochi kutafuta zinki, najua wengine tulikua tunafanya hivyo, tunazianika juani na zikifa kabisa tunazivunja kuchukua ule mkaa wa katikati, lakini za siku hizi nyingine ni alkalaini na yale ya ndani yanaunguza ngozi na macho.

Nikarudi dukani Jumatano. Risiti ina yale maneno yetu ya siku zote, mali ikishauzwa hairudishwi. Kijana wa kaunta akaniambia "Mama hizo ni za kuchezea watoto tu, hazina kazi kubwa." Nikamwambia mwanangu hachezi, anajifunza, na nikamwomba dakika tano. Nilikuwa nimebeba ndimu mbili, misumari miwili na mita. Tukafungua boksi lingine, 0.41. Lingine, 0.44. Nikachomeka msumari wangu kwenye ndimu hiyohiyo, 0.9, nikaunga kisaa chao, kikawaka pale kaunta, wateja wawili wakasogea. Yule kijana wa watu alishangaa kweli, hakuwa anajua, yeye anauza tu vinavyoletwa. Akampigia bosi, bosi akasema hela hairudi. Ila kijana akaniomba nimwachie ile misumari miwili na akageuza nyuma ya risiti nimwonyeshe mguu mrefu wa LED unakwenda wapi. Nikamchorea.

Kwa hiyo huduma ya pale kaunta naipa nne kati ya tano, kwa ajili ya yule kijana. Boksi lenyewe naipa mbili, na hizo mbili ni za kisaa na shaba. Kama lingeuzwa 12,000, bila ile picha ya simu, likawa na LED nyekundu, zinki kweli na karatasi ya Kiswahili inayosema usile, ningewanunulia watoto wote wa ukoo.

Kisaa kipo juu ya friji mpaka leo asubuhi. Tumeshabadilisha ndimu mara mbili, misumari ni ileile ila upande uliozama umekuwa mweusi na umechimbika, ukipitisha kucha unasikia mashimo. Dogo ameipima unene kwa rula kila siku na ameandika kwenye daftari. Sasa anataka zinki safi, kipande cha sahani, ajue kitadumu siku ngapi, na mimi Kariakoo nimezunguka kuanzia Msimbazi mpaka Kongo wote wananionyesha bati. Anayejua duka la Dar linalouza zinki yenyewe anishtue, hata iwe Mbagala nitaifuata, ila nitakuja na ndimu na mita.